Siku za Lijo Hazijatimia

Barua pepe ya Uhamiaji ilimfikia Jisha saa nne asubuhi, wodini, akimfunga mzee mmoja vifungo vya shati. Simu ilitetemeka mfukoni, akaipuuza. Alimaliza vifungo, akamkalisha mzee kwenye kiti cha dirishani, akamvisha miwani, ndipo alipoingia chumba cha mashuka na kujifungia. Akasoma mara tatu. Ombi lake la ukaazi wa kudumu limekubaliwa.

Alikuwa ameingia Uingereza kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, nesi kutoka Kerala, India, na kwa miaka mitano aliishi kama wanavyoishi wote wenye viza hiyo: kama mtu aliyefungwa kamba kiunoni, ncha ya pili kaishika mwajiri. Ukiacha kazi, kamba imekatika na wewe umeanguka. Jisha alizihesabu siku zote alizotoka nje ya nchi, hata zile kumi na tisa alizokwenda kumzika baba yake, akiogopa zisije kumpunja mwishoni. Alikariri majina ya wafalme wa watu ili afaulu mtihani wa ukaazi. Sasa kamba imefunguliwa. Anaweza kufanya kazi popote na kulala popote, bila kumwomba mtu dhamana.

Alikaa juu ya rundo la mashuka, akaangua kilio. Mtu wa kwanza aliyetaka kumwambia alikuwa Lijo, na Lijo hakuwa wake tena.

Walikutana Stoke, katika mji ule wa viwanda vya vyombo vya udongo, kwenye ibada ya Wakerala. Lijo alikuwa mpishi wa hoteli moja ndogo, naye kwa viza ile ile, nyuma ya Jisha kwa mwaka na zaidi. Hakuwa mzuri wa kutazamwa sana. Pua kubwa, mikono imejaa alama za moto. Lakini alikuwa na namna ya kumsikiliza mtu, kichwa kakiinamisha kidogo, kama anasikiliza chungu kianze kuchemka. Walipendana mwaka mmoja na nusu. Kisha hoteli ikafungwa, na Lijo akabakiwa na siku sitini: apate mwajiri mwingine wa kumdhamini au afungashe.

Jisha alimwambia, "Nioe. Uingie kwenye karatasi zangu, tumalize."

Lijo alisema hapana. "Sitakuoa mpaka nipate karatasi zangu mwenyewe."

Siku ya hamsini na mbili akapata mdhamini, hoteli ya Lerwick, visiwani Shetland, mwisho kabisa wa nchi, ambako ukivuka tena unaelekea Norwei. Waliachana kwenye stesheni ya Stoke kwa maneno makali. Jisha alimwambia, "Wewe unakipenda kiburi chako kuliko unavyonipenda mimi." Lijo hakujibu. Treni ikaondoka. Wiki ile ile akamwandikia neno moja tu: Usinisubiri.

Jisha alisubiri. Aliandika mara mbili kuomba kazi hospitali ya Lerwick, akajibiwa kwamba hawana nafasi ya mtu wa kudhaminiwa. Mama yake, Aleyamma, alipomtafutia mchumba, daktari wa kwao aliyehamia Perth, Jisha alimwandikia Lijo, makusudi, ili aumie. Lijo alijibu: Ukimpenda, olewa.

Hiyo ndiyo hali aliyokuwa nayo moyoni siku ile ya mashuka.

Jioni alimpigia mama yake, akamweleza habari za ukaazi. Aleyamma alipiga vigelegele mpaka kuku wakazinduka bandani, maana Kerala ulikuwa usiku.

"Mungu mkubwa! Baba yako angekuwepo! Sasa sikiliza, mwanangu. Wazazi wa yule daktari wameniuliza tena juzi. Julai ukija, wakuone tu. Kuonwa si kuolewa."

"Mama, nimechoka."

"Umechoka nini? Una miaka thelathini na moja. Mti wangu wenyewe wa mpira nikichelewa kuugema, utomvu unakauka."

"Mimi si mti wa mpira, Mama."

"Ungekuwa mti ningekuelewa zaidi."

Jisha alicheka bila kupenda. Lakini alipokata simu alifungua kompyuta, na mara ya tatu akaandika kwa hospitali ya Lerwick. Safari hii, pale penye swali la viza, aliandika kwamba hahitaji mdhamini.

*

Meli ya kutoka Aberdeen ilitia nanga Lerwick Jumapili moja ya Juni, saa moja na nusu asubuhi. Jisha alishuka na begi moja. Alijua Lijo anapofanya kazi. Jina la hoteli alilijua kwa moyo kama namba ya simu ya nyumbani. Alijua pia kwamba mpishi hakamatiki kabla ya chakula cha mchana kwisha. Akaenda kanisani, akatembea mji mzima, ukaisha, akautembea tena. Upepo ulimvuruga nywele alizozisuka kwa saa nzima. Saa nane na nusu akaingia hotelini.

Mwenye hoteli, mwanamke wa makamo mwenye mashavu mekundu, Bi Inga kwa jina, alimtazama kutoka juu mpaka chini, kisha kutoka chini mpaka juu.

"Jikoni tumefunga mpaka saa kumi na moja, binti."

"Sikuja kula. Namtafuta Lijo."

"Unamtafuta kwa heri au kwa shari?"

"Sijajua bado."

Bi Inga alicheka, akamwonyesha mlango kwa kidole. "Pita nyuma. Anamenya viazi huko na redio yake. Na kama ni shari, vikombe vya bluu usivivunje, vilikuwa vya mama yangu."

Lijo alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amempa mgongo, anamenya viazi. Shingo yake ilikuwa imekonda. Jisha aliitazama shingo ile ambayo hakuiona kwa miezi kumi na minne. Alikuwa ametunga maneno njia nzima, treni mpaka meli. Hakulikumbuka hata moja.

"Unamenya nene," alisema kwa Kimalayalam, lugha yao. "Nusu ya kiazi unatupa."

Kisu kilisimama. Lijo hakugeuka upesi. Alikiweka kisu chini kwanza, taratibu, kama mtu anayeogopa kwamba akigeuka haraka kitu kitapotea. Kisha akageuka.

Walitazamana. Redio ilikuwa inaimba upuuzi wa watu, na hakuna aliyenyoosha mkono kuizima.

"Umekuja na nini?" Lijo aliuliza hatimaye.

"Na meli."

"Kuna mtu amefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Lazima mtu afe ndiyo nije?"

"Umekonda, Jisha."

"Na wewe umekonda. Mpishi gani anakonda? Wateja wako hawaogopi?"

Lijo alitabasamu, tabasamu lile la upande mmoja. Akainuka, akafuta mikono kwenye aproni, akasogea hatua mbili, kisha akasimama kama aliyekuta ukuta.

"Kaa," alisema. "Nikupe chakula."

"Sitaki chakula. Nataka uniambie jambo moja, nikitazama macho yako. Niambie hunitaki. Lisemwe, nilisikie, meli inaondoka jioni."

Lijo aliinamisha kichwa.

"Lijo."

"Nasikia."

"Sema basi."

"Nimebakiza miezi minane," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeshamaliza miaka minne na miezi minne. Siku zangu hazijatimia, Jisha."

"Sikukuuliza siku! Nimekuuliza kama unanitaka!"

"Usipige kelele, Bi Inga—"

"Bi Inga hajui Kimalayalam, na angejua angekuwa upande wangu!"

Lijo alifungua mdomo. Uso wake ulikuwa wa mtu anayebeba kitu kizito ambaye ameulizwa saa. Wakati huo huo simu yake, iliyokuwa juu ya meza kati ya mabakuli, ikaanza kulia. Alishtuka, akaruka kuikimbilia. Lakini Jisha ndiye aliyekuwa karibu. Aliitupia jicho tu, bila nia mbaya.

Kwenye kioo ilikuwepo picha ya mwanamke mwenye mvi na miwani ya duara, amesimama mbele ya miti ya mpira. Picha ile Jisha aliijua. Aliipiga yeye mwenyewe.

"Huyu ni mama yangu," alisema.

"Jisha, nipe simu."

"Mbona mama yangu anakupigia?"

"Nipe nikueleze."

Jisha akapokea, akaweka sauti ya juu.

"Lijo, mwanangu," ilisema sauti ya Aleyamma, changamfu, ya mtu aliyemaliza sala za jioni na sasa anataka soga. "Umeshakula? Goti limenisumbua wiki nzima, ile dawa uliyoniambia niipashe moto na mafuta ya nazi, nilipaka, nikalala kama mtoto. Sasa niambie, yule samaki ulimtia ukwaju kabla ya tui au baada ya tui? Maana mimi nilitia kabla, tui likakatika. Lijo? Mbona kimya, mwanangu?"

Jisha alisimama na simu mkononi. Mwanangu. Mama yake, aliyemwita Lijo "mtoto wa mpishi wa kilabu cha tembo", aliyesema kwamba familia yenye ekari kumi za mpira haiwezi kukaa mkeka mmoja na watu wa kugema mnazi, alikuwa anamwita mwanangu.

"Mama," alisema.

Kule Kerala mbwa alibweka mara mbili.

"Jisha?"

"Ni mimi."

"Uko wapi?"

"Niko jikoni kwa Lijo. Wewe uko wapi, Mama? Maana nilidhani nakujua, kumbe sijui hata ulipo."

"Yesu wangu," Aleyamma alisema taratibu. Kisha akakohoa, akajikusanya. "Ameshakwambia?"

"Aniambie nini?"

"Basi hajakwambia." Sauti yake ikalainika kwa namna ya ajabu, karibu ya fahari. "Hata leo hajakwambia."

"Mama!"

"Nilimwapisha. Haya, umesikia. Hoteli yake ilipofungwa nilitafuta namba yake, nikampigia. Nikamwambia, wewe kijana, kama unampenda mwanangu kwa haki, usimwoe mpaka upate karatasi zako mwenyewe, kwa jasho lako. Na usimwambie kwamba nimekuomba. Akaapa kwa kaburi la baba yake."

Jisha aliketi juu ya ile ndoo. Lijo alikuwa ameegemea jokofu, macho chini.

"Kwa nini?" Jisha aliuliza.

"Unaniuliza kwa nini? Umemsahau Sheeja, mtoto wa dada yangu? Hukuwepo siku ile aliporudi kutoka Melbourne. Mimi nilikuwepo. Alishuka kwenye teksi na sanduku lake la harusi. Mume alipata ukaazi kwa karatasi za Sheeja Jumatano, Ijumaa akambadilishia kitasa cha mlango. Leo ni mwaka wa saba, anakaa chumba cha nyuma kwa dada yangu, akisikia honi anajificha. Nilisema hapana. Kwa mwanangu, hapana. Anayetaka karatasi atamkimbilia. Anayemtaka yeye atasubiri."

"Na yule daktari wa Perth?"

"Mkulima gani anapanda mche mmoja?"

"Mama, nimelia miezi kumi na minne!"

"Najua." Sauti ilitetemeka. "Lijo alikuwa ananiuliza habari zako kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Nilianza kumpigia ili nimchunge, asije akakiuka kiapo. Nikadhani ataniuliza karatasi zako zimefikia wapi. Hajauliza hata siku moja. Anauliza kama unakula. Anauliza kama bado unatembea kwa miguu kwenda kazini kwenye baridi. Sasa mimi nifanyeje, Jisha? Nimchukie mpaka lini? Mtu anayekuuliza goti lako kila mwezi, utamchukia kwa nguvu gani?"

"Ungeniambia."

"Ningekwambia, jaribio lingekuwa jaribio la nini?"

Jisha alikata simu. Hakuwahi kumkatia mama yake simu tangu azaliwe. Aliiweka mezani, akaisukuma mbali kidogo.

"Jisha," Lijo alianza.

"Usiniite."

"Niliapa kwa kaburi la—"

"Nimesikia kwa nani uliapa! Mlikuwa wawili. Mnazungumza ukwaju na tui, mnacheka, na mimi niko Stoke nimejifunika blanketi natafuna mto ili jirani asisikie. Aliyekuwa anaolewa ni nani? Ni mimi! Nani aliniuliza? Mama ameamua, wewe umeapa, mimi nimeambiwa usinisubiri. Nilikuwa shahidi tu wa harusi yangu mwenyewe, isiyovunjika wala kufungwa?"

"Nilidhani ndiyo heshima."

"Na 'ukimpenda, olewa'? Hiyo nayo ni heshima?"

Lijo alinyanyua macho. Yalikuwa yamejaa.

"Ile niliiandika nimejifungia chooni," alisema, "kwa sababu msaidizi wangu alikuwa jikoni na sikutaka anione. Niliifuta mara kumi. Niliandika 'usiolewe', nikafuta. Niliandika 'nisubiri', nikafuta. Nikasema, kama yule daktari ni mtu mwema na mimi nimezuiwa kusema, basi nisimfungie mlango. Usiku ule nilichoma sufuria mbili za mchuzi. Muulize Bi Inga."

"Sitamuuliza mtu."

Alitoka. Alipita ukumbini, akampita Bi Inga aliyekuwa anapangusa glasi na kujifanya hajasikia kelele za lugha asiyoijua. Nje upepo ulimpokea kifuani. Aliteremka mpaka gatini, meli ya Aberdeen ilipokuwa inapakia magari. Tiketi ya kurudi alikuwa nayo. Aliikata kule Stoke, ya tahadhari, kama mtu anayeingia nyumba ya watu akiacha viatu vimeelekea mlangoni. Angepanda. Angekwenda Perth hata. Angeolewa na mtu asiyejua kuapa.

Alisikia nyayo nyuma yake, akazitambua. Lijo alikuwa amekuja na aproni yake, bila koti, katika baridi ile, nywele zimesimama wima.

"Navunja kiapo," alisema akihema. "Baba yangu atanisamehe. Alikuwa mtu wa kilabu cha tembo, alishasamehe mengi. Kesho ofisi ya msajili ikifunguliwa twende. Viza yangu nabaki nayo, nitamalizia siku zangu mwenyewe, karatasi zako sizigusi. Lakini tuoane. Sikurudishi tena kwenye meli, Jisha. Nilikutazama unabaki Stoke mara moja. Mara ya pili siwezi."

Haya ndiyo maneno aliyoyangoja. Aliyaota kwa sauti ile ile, mpaka kuhema kule. Yalipokuja, alishangaa kuona kwamba mkono wake haukunyooka kuyapokea.

"Hapana," alisema.

Lijo alirudi nyuma nusu hatua.

"Hapana, si kesho. Ukivunja kiapo kwa sababu nimelia gatini, siku tukigombana utanikumbusha. Na mama yangu atasema, niliwaambia. Hapana. Ulimwapia mama, maliza. Miezi minane. Lakini sasa ni zamu yangu, na mimi naapisha."

"Niapishe."

"Usiitikie tu. Sikiliza kwanza. Kuanzia leo, jambo langu hujadili na mtu mwingine kabla yangu. Hata mama yangu. Hata akiwa na goti."

"Naapa."

"Na utanichumbia upya, mchana kweupe, watu wakiona. Siyo kwa ujumbe wa neno moja. Uje mlangoni kwangu ugonge, uingize mikono mfukoni kama mwanamume mwenye aibu, unitoe matembezi."

"Mlangoni kwako Stoke? Jisha, kuna siku mbili za safari, na mimi nina likizo ya—"

"Nani kasema Stoke?"

Lijo alimtazama.

"Nimepata kazi hapa," Jisha alisema. "Hospitali ya mji. Naanza Agosti. Nilishatia saini wiki tatu zilizopita. Leo asubuhi nimelipia na chumba, mtaa wa juu, mkabala na duka la samaki. Mwenye nyumba ana paka watatu na hataki wanaume baada ya saa tatu."

Shakwe alitua juu ya nguzo, akawatazama, akaondoka.

"Wiki tatu," Lijo alisema. "Kabla hujajua kiapo. Kabla hujajua kama nakutaka."

"Kabla."

"Na kama ungekuta nimeoa?"

"Ningekuwa nesi katika mji wenye mpishi aliyeoa. Ningekula kwangu." Sauti yake ilikatika hapo, akaigeuza kikohozi. "Miaka mitano nimekaa pale viza iliponiweka, Lijo. Nilipofunguliwa, nilitaka nijue miguu yangu yenyewe ingekwenda wapi. Ikaja huku. Sikuituma."

Lijo alinyoosha mkono, ule wenye alama za moto. Aliushika mkono wa Jisha kwa vidole viwili tu, taratibu, kama mtu anayeonja joto la maji. Hawakukumbatiana. Wavuvi walikuwa wanawatazama, na Lijo alikuwa ameapa kufanya mambo mchana kweupe, lakini si yote kwa siku moja.

Simu ya Jisha ililia mfukoni. Aliitazama, akapumua, akapokea.

"Usinikatie," Aleyamma alisema haraka. "Acha niseme, kisha ukate. Nilikosea. Siyo kumjaribu, hilo ningelirudia. Nilikosea kukuacha ulie. Nilikuwa nakusikia kwenye simu sauti imevimba, nikawa najifanya ni mafua. Mama gani hajui mafua na kilio?"

Jisha alifunga macho. "Nimekasirika, Mama. Nitakasirika mpaka mwezi ujao."

"Kasirika. Lakini uwe unapokea."

"Nitapokea."

"Na daktari nitawaambia wazazi wake kesho. Nitasema umepata homa ya mapafu."

"Sema ukweli, Mama."

"Ukweli! Kwamba binti yangu kakimbilia kwa mtoto wa kilabu cha tembo?" Akanyamaza kidogo. "Haya. Nitasema. Yupo hapo?"

"Yupo."

"Amevaa koti?"

"Hajavaa."

"Mwambie arudi ndani, mjinga huyo. Miezi minane, Jisha! Na asile kwako. Mtu akila kwako, haondoki."

Meli ilipiga honi. Jisha aliitoa tiketi, akaikunja ndogo, akairudisha tu kwenye pochi. Hakuona haja ya kuichana mbele ya watu. Walipanda kilima pamoja, nafasi ya mtu mmoja kati yao. Lijo alikuwa na samaki wa kukaanga saa kumi na moja na wageni kumi na wanane, na viazi nusu ndoo bado. Hata hivyo alimfikisha mpaka mlango wa chumba kile cha mtaa wa juu. Mwenye nyumba alichungulia kupitia pazia. Paka mmoja akatoka, akajisugua kwenye suruali ya Lijo.

"Basi," Lijo alisema.

"Basi."

"Kesho nina mapumziko saa nane. Nitagonga."

"Gonga kwa nguvu. Huenda nimelala."

Lijo alicheka, akashuka ngazi moja, akasimama, akageuka. Alimtazama jinsi mtu anavyotazama chakula alichopika mwenyewe na haruhusiwi kukionja. Kisha akaenda. Jisha alibaki mlangoni akiisikiliza miguu yake ikiteremka mtaa, ikikata kona, ikipotea kwenye upepo. Alitaka kumwita arudi. Midomo ilishafunguka. Akaifunga. Miezi minane si mingi, alijiambia, watu wamesubiri zaidi. Na moyo wake, uliokwisha kusubiri miezi kumi na minne bila kulalamika, ukamjibu kwamba ni mingi mno.